Feya au faulo? Mwongozo wa mzazi aliyekulia mpira wa miguu

Kama una mtoto anacheza besiboli huku Marekani na wewe umekulia mpira wa miguu, najua hali yako ya Jumamosi asubuhi. Umekaa kwenye kile kiti cha kukunja, chai iko kwenye chupa, dogo kapiga mpira umelia "tang!" kwenye gongo la chuma (la kupigia, sio lile la kunywa), unaruka unashangilia, alafu yule jamaa aliyesimama nyuma ya kecha (anayedaka mipira nyuma ya mpigaji) ananyanyua mikono anasema faulo na watu wote wanarudi walipokuwa kama hakuna kilichotokea. Unakaa chini taratibu. Mama wa kiti cha pembeni anajifanya hajakuona.

Mimi nimekaa hivyo msimu mzima wa kwanza hapa Ohio. Msimu wa pili ampaya mmoja, yaani refa wa besiboli, hakutokea, kocha akaniomba nisimame kwenye mstari wa besi ya tatu (besi ni vile vituo anavyokimbilia mpigaji), nikasema sawa, na ndani ya nusu saa nikaharibu mechi ya watoto wa miaka tisa. Nitawaambia nilivyoiharibu, ila kwanza twende pole pole.

Futa kwanza maana ya zamani ya neno lenyewe. Kwetu faulo ni madhambi, mtu kamchezea mwenzake rafu. Hapa hakuna aliyekosea. Faulo ni mpira uliopigwa ukaenda upande usiohesabika, na feya ni mpira uliokwenda upande unaohesabika, basi. Nilimsikia baba mmoja Mkongomani anauliza "sasa nani kamkanyaga nani?" na nikamwelewa kabisa.

Hatua ya kwanza: ijue mistari kabla mechi haijaanza

Nenda kasimame nyuma ya homu, pale anaposimama mpigaji. Ile homu ina pembe tano, imekaa kama kinyumba anachochora mtoto wa chekechea, upana wake sentimita 43, na ncha ya paa inaelekea kwa kecha. Kwenye ile ncha ndo inaanzia mistari miwili ya chokaa, mmoja unapita besi ya kwanza kulia kwako na mwingine besi ya tatu kushoto, inaachana kwa pembe mraba na inaendelea mpaka kwenye uzio. Kilicho katikati ya mistari ni feya. Kilicho nje, pamoja na nyuma ya homu kote, ni faulo. Aliyezoea kriketi hapa anapata shida kidogo kwasababu kule unaweza kuupiga mpira hata ukaenda nyuma yako na ukapata mikimbio, hapa hapana.

Sasa sikiliza hii maana ndo watu wengi wanaikosea: mstari wenyewe ni feya. Mpira ukigusa chokaa, uko ndani. Besi ya kwanza na ya tatu zote ziko ndani. Homu yote iko ndani. Na zile nguzo mbili ndefu, za njano mara nyingi, zilizosimama mwisho wa mistari kwenye uzio, Wamarekani wanaziita nguzo za faulo lakini mpira ukizigonga ukiwa hewani ni feya na ni homurani, mpigaji anazunguka besi zote anapata pointi. Sijui nani alizipa jina. Kama unataka ushahidi, mwaka 1975 kwenye fainali za World Series, mechi ya sita pale Fenway Park Boston, Carlton Fisk aliupiga mpira juu kabisa ukawa unaelekea kutoka nje upande wa kushoto, na yeye yuko njiani kwenda besi ya kwanza anaruka ruka anaupungia mikono kama mtu anayefukuza kuku warudi bandani, ingia, ingia, na mpira ukagonga nguzo. Feya. Boston wakashinda ile mechi (ubingwa wakaukosa mechi ya saba, hiyo ni habari nyingine).

Hatua ya pili: gawa uwanja kwenye besi

Hapa ndo penye kazi yote, ukielewa hapa kwengine ni maji. Kwenye kila mstari kuna eneo mbili, kabla ya besi na baada ya besi, na kila eneo lina sheria yake. Kwa watoto wa Little League wa mpaka miaka 12 kutoka homu hadi besi ni futi 60, kama mita 18 na ushee, kwahiyo tunaongelea kipande kifupi tu cha uwanja lakini vurugu zote ziko humo.

Kabla ya besi, mpira unaotambaa au kudunda chini hauna hukumu mpaka moja kati ya mambo mawili litokee: aidha usimame wenyewe, aidha uguswe na mtu. Ulipoangukia hakuna maana. Narudia, ulipoangukia HAKUNA MAANA. Unaweza kuangukia nje, ukazunguka, ukarudi ndani ukasimama, ni feya. Unaweza kuangukia ndani safi katikati, ukachepuka ukatoka nje kabla ya kuifikia besi ukasimama huko, ni faulo. Unachotazama ni mpira uko wapi dakika ile unaposimama au unaposhikwa.

Baada ya besi ni kinyume. Mpira uliopigwa ukaruka hewani ukaangukia mbele ya besi, unatazama ulipogusa ardhi mara ya kwanza, ukigusa ndani au kwenye mstari ni feya hata kama ukidunda unakwenda mpaka kwenye magari ya wazazi, ukigusa nje ni faulo hata ukirudi ndani.

Na katikati ya hayo mawili kuna mlango, na mlango ni besi yenyewe. Mpira unaodunda dunda kutoka homu ukiwa unapita besi, jiulize wakati unapita pale ulikuwa juu ya eneo la ndani au nje. Ukipita juu ya besi au ndani yake ni feya, hata kama mdundo unaofuata unaangukia nje kabisa. Hii ndo inayoleta kelele kuliko zote kwasababu watu waliokaa pembeni wanaona mpira umeangukia nje, wanaona vumbi limeruka nje, na ampaya ananyoosha mkono ndani. Ampaya hajapofuka, katazama mlango, nyie mmetazama vumbi.

Sasa kosa langu. Mtoto mmoja kagusa banti, yaani hakuzungusha gongo, kaliweka tu mpira ukaanguka mbele yake. Ukaangukia nje ya mstari wa besi ya tatu kama hatua moja. Mimi shujaa nikapiga kelele "Faulo!" na mikono juu. Pitcha, yaani mrusha mpira, akasimama, mtoto aliyekuwa anakimbia besi ya kwanza akasimama, na mpira wenyewe kwa ule mzunguko uliokuwa nao ukajikunja kwenye majani, ukapanda chokaa, ukaingia ndani ukatulia. Kimya. Ampaya mkuu akavua kinyago akaniangalia tu. Shida ni kwamba ukishatamka faulo mchezo umekufa, na mpira wa chini kama ule haufufuliwi, maana watoto wote wameacha kucheza sababu yako. Yule dogo akarudi kupiga upya, akatolewa kwa straiki (alama mbaya za mpigaji, zikifika tatu zamu yake imekwisha), na mama yake mpaka leo tukikutana dukani salamu yake ni ya nusu.

Kwahiyo subiri. Mpira wa kabla ya besi ni wa kusubiri, kama mnavyomsubiri nyoka aliyeingia kwenye majani, mnasimama mnaangalia tu anatokea wapi. Na watoto wafundishwe hilo hilo: mpira ukitambaa nje na hautaki kusimama, ushike haraka ukiwa bado uko nje, faulo inakuwa imefungwa hapo hapo haiwezi tena kurudi. Ila ukitambaa ndani karibu na mstari na unaona kabisa mkimbiaji huwezi kumuwahi, uache, labda utatoka wenyewe. Usiupulize tu. Sio utani, mwaka 1981 huko Seattle, Lenny Randle wa Mariners alipiga magoti na mikono chini akaupuliza mpira wa Amos Otis wa Kansas City Royals uliokuwa unatambaa kwenye mstari wa besi ya tatu, na ukatoka kweli! Ampaya wakakataa, Otis akapewa besi yake ya kwanza. Watoto wakisikia kisa hiki lazima wajaribu, wangu kajaribu mazoezini mara tatu.

Hatua ya tatu: vitu vilivyolala chini

Mpira ukigonga homu sio faulo moja kwa moja. Nimewasikia mpaka makocha wanasema hivyo na sio kweli, homu ihesabu kama udongo tu, angalia mpira unaenda wapi baada ya hapo.

Mpira ukigonga besi ya kwanza, ya pili au ya tatu ni feya papo hapo, ukichepuka ukaenda popote hakuna kujadili.

Ule ubao mweupe anaosimamia pitcha ni tofauti na besi. Mpira ukiugonga, ukarudi nyuma ukatoka nje kabla ya kufika besi ya kwanza au ya tatu na hakuna aliyeugusa, ni faulo. Haitokei mara nyingi, ila ikitokea nusu ya uwanja itabishana na nusu nyingine.

Na vitu vilivyotupwa nje ya mstari, kofia, gongo, chupa ya maji: mpira uliotoka nje ukagonga kitu kama hicho ukarudi ndani, umeshakuwa faulo pale ulipokigonga. Waambieni watoto waokote vitu vyao.

Mpigaji naye, akiupiga mpira ukadunda ukamgonga mguu wake akiwa bado ndani ya kile kiboksi chake cha chokaa, faulo. Watoto hufanyiwa hivyo sana wakijifunza, wanauchapa chini unawarudia kwenye kifundo, wanalia, na mtu anapiga kelele "kimbia!" Hapana jamani, mwache mtoto asugue mguu.

Hatua ya nne: mpira wa juu, na miguu ya mdakaji

Kama mpira umedakwa hewani bila kudondoka, mpigaji ametoka, yaani zamu yake imekwisha, iwe ndani iwe nje. Kwahiyo swali la feya au faulo linakuja pale ukiguswa ukadondoka. Na hapo sheria inaangalia mpira ulikuwa wapi ulipoguswa, haiangalii miguu ya mtoto ilikuwa wapi. Mtoto anaweza kuwa amesimama nje kabisa, akanyoosha glavu ndani juu ya mstari, mpira ukagonga kidole cha glavu ukamtoka ukaangukia nje alipo. Ni feya! Mpira uliguswa ukiwa juu ya ndani, kwahiyo uko hai, wakimbiaji waendelee. Geuza na hivyo hivyo: miguu ndani, glavu nje, mpira ukaguswa huko ukadondoka ndani, ni faulo.

Sisi wa mpira wa miguu tunaangalia miguu sababu ndo tulivyozoea. Hapa tazama mpira na chokaa, mtu mwenyewe msahau.

Hatua ya tano: haya, imekuwa faulo, nini kinafuata

Kama haikudakwa, mchezo umesimama. Wakimbiaji wote wanarudi kwenye besi walizokuwepo na hakuna anayeruhusiwa kuwatoa wakiwa njiani wanarudi, hata wakitembea kwa madaha. Mpigaji anahesabiwa straiki, kama alikuwa hana au ana moja. Akiwa nazo mbili, faulo haimuongezei ya tatu, anaweza kupiga faulo mpaka jioni na bado yupo. Isipokuwa banti. Banti ikienda faulo ukiwa na straiki mbili umetoka, nenda kakae, na hii sheria iko hivyo maana banti ni rahisi mno kuigusa, ingeruhusiwa mtu angebaki pale anamchosha pitcha hadi mkono ukatike.

Kuna kitu kinafanana na faulo na sio: mpira umekwaruza gongo kidogo tu ukaenda moja kwa moja kwa kecha na akaudaka. Hiyo ni straiki ya kawaida na mchezo uko hai, na kama ndo ya tatu mpigaji ametoka. Kecha akiudondosha basi imekuwa faulo ya kawaida.

Kama faulo imedakwa hewani, mpigaji ametoka na mchezo UNAENDELEA. Hili wazazi wengi hawalijui. Mkimbiaji aliyekuwa besi ya tatu anaruhusiwa kusubiri akiwa amekanyaga besi, mpira ukishaguswa tu na mdakaji akachomoka kwenda homu. Nimeona mtoto anadaka faulo nzuri kabisa karibu na uzio, anageuka kumwonyesha baba yake glavu, huku nyuma mtu anaingia anafunga pointi. Mdakaji ukidaka, tazama kwanza nani anakimbia, baba yako hatoki pale kwenye kiti.

Na ushauri mmoja kwa anayesimama besi ya tatu kama mkimbiaji: ukijivuta kwenda homu wakati mpira unapigwa, pita nje ya mstari, alafu ukirudi rudi kwa ndani. Mpira wa feya ukikugonga ukiwa umeiacha besi na mpira haujaguswa na mtu kabla, wewe umetoka. Ukiwa nje ukakugonga ni faulo tu, na uchungu. Kurudi kwa ndani kunamziba kecha asione vizuri glavu ya mwenzake pale besi.

Kwa wale wadogo kabisa wa tiboli, wanaopiga mpira uliowekwa juu ya kijiti, ligi nyingi zinachora tao la chokaa mbele ya homu, na mpira usiovuka lile tao unahesabiwa faulo. Umbali unatofautiana ligi na ligi, muulize kocha wako.

Hatua ya sita: ukipewa kazi ya mstari

Simama mguu mmoja huku mmoja kule, mstari upite katikati yako. Ukisimama pembeni hata hatua mbili jicho linakudanganya, utaona kila kitu kiko ndani au kila kitu kiko nje. Mpira wa juu, usitamke chochote mpaka uguse kitu, maana ukisema faulo ukiwa bado hewani watoto wanaacha kuukimbilia.

Faulo ina sauti: mikono miwili juu, "Faulo!" kwa nguvu. Feya haina sauti kabisa, unanyoosha mkono kuelekea ndani na mdomo umefungwa. Mwanzoni niliona ajabu, nikadhani wanabana sauti. Sababu yake ni nyepesi, ukipiga kelele "feya" na mwenye masikio mabovu akasikia "faulo", kwa Kiingereza chao yale maneno mawili yanaanza herufi moja, mtoto atasimama na mchezo umeharibika. Kwahiyo ukisikia kelele yoyote ya ampaya kwenye mstari, ni faulo.

Kila baada ya zamu kadhaa angalia chokaa. Watoto wanaiburuta kwa viatu, ikifika zamu ya nne mstari kati ya homu na besi umekuwa vumbi jeupe upana wa mkeka. Omba ichorwe tena, huwezi kuhukumu mstari ambao haupo.

Sheria hizi hazibadiliki ukivuka bahari. Watoto wa Lugazi, Uganda, walipofika Williamsport, Pennsylvania mwaka 2012, timu ya kwanza ya Afrika kucheza Little League World Series, walikuta mistari ile ile. Na pale Azania sekondari Dar es Salaam, kwenye uwanja waliosaidiwa na Wajapani, mstari ni feya vile vile. Kwahiyo ukimtumia kaka yako nyumbani mwongozo huu hauharibiki njiani.

Zoezi la nyumbani

Tafuta kamba ya kuanikia nguo, itandaze kwenye majani kama hatua ishirini. Weka kandambili moja mwisho wa hatua kumi na nane, hiyo ndo besi ya tatu, iwe upande wa ndani wa kamba, ukingo wake uguse kamba. Mmoja aviringishe mpira pole pole kando ya kamba, na mwingine apande kamba miguu huku na huku, ahukumu kwa mikono. Viringisha mingine ipite kandambili kwa kudunda, mingine ife njiani. Mwenye kuviringisha anaruhusiwa kuuzungusha ujikunje, hapo ndo raha ilipo. Anayetamka kabla mpira haujasimama au haujapita kandambili anapoteza pointi hata kama alipatia.

Jana tulicheza hadi giza, mpira wa mwisho ukafia juu ya kamba kabisa, mimi nikanyanyua mikono kwa mazoea. Dogo akaniambia, "Baba, kamba ni ndani."